Kabla Hujafungua Redio, Kagua Waya

Redio ikianza kukatakata, wengi wetu wa redio za ridhaa hukimbilia bisibisi. Iache redio kwanza. Kwetu huku pwani, ambako upepo wa chumvi hausazi chuma, mgonjwa mara nyingi ni waya wa antena au plagi yake.

Mimi huchomoa antena nikafunga mzigo wa majaribio wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena) nyuma ya redio, kwa kipande kifupi cha waya ninachokiamini. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi; 1 ndiyo bora) ikisoma karibu na 1 na wati zikatoka bila kukatika, yaelekea redio haina kosa. Kisha naupeleka mzigo uleule mwisho wa waya mrefu, kule antena inakofungwa. Hapo wengi hudanganyika, maana SWR nzuri peke yake haithibitishi kitu. Waya ulioingia maji hula nguvu inayokwenda na hula pia inayorudi, basi mita ya mezani inaonyesha mambo shwari. Waya unaopoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, utakupa SWR ya 3 hivi hata kama huko mwisho hakuna antena kabisa! Kwa hiyo pima wati pande zote mbili. Kwenye MHz 7, mita 30 za RG-213 (waya mnene wa antena) iliyo nzima hazili hata desibeli 1. Ukiingiza wati 100 zikatoka 50, waya huo umekwisha. Chuna gamba kidogo karibu na plagi: msuko wa shaba unaouzunguka waya wa kati ukiwa mweusi au una kutu ya kijani, usiupotezee risasi ya kulehemu.

Ukipima kwa multimita, chomoa pande zote mbili. Baadhi ya antena zimeundwa zikiwa shoti kwa umeme wa betri, na utausingizia waya bure.

Plagi ya PL-259, ile inayofungwa mwisho wa waya wa antena, ndiyo inayonichosha zaidi. Mafundi wengi hulehemu ncha ya kati tu, msuko wakaubana kwa nyuzi za skrubu za plagi. Multimita itasema uko sawa, kwa sababu inapitisha umeme kiduchu. Ukirusha wati 100 ndipo SWR inaanza kurukaruka. Msuko unalehemiwa kupitia yale matundu ya ubavuni, kwa pasi ya kulehemu yenye nguvu. Pasi ya wati 30 haipashi mwili wa plagi, na kadiri unavyokawia ndivyo plastiki ya ndani inavyoyeyuka na waya wa kati kuhama. Risasi iliyoshika vizuri hung'aa. Kujaribu plagi unayoitilia shaka, rusha wati 5 huku ukiutikisa waya kwa kushika gamba lake, usiguse chuma, mwenzako akitazama mita.

Plagi ya nje izungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya umeme. Silikoni inayonuka siki siitaki, inakula shaba.

Na kama redio inazimika kila unapobonyeza kusema, angalia waya wa umeme, hasa kishikio cha fyuzi. Redio ya wati 100 huvuta ampea 20 hivi. Ukinzani wa omu 0.1 tu unakuibia volti 2, na 13.8 zako zinabaki 11.8. Pima volti nyuma ya redio wakati unarusha. Waya ukiwa mzima, utaziona karibu na 13.8 zako.