Kijana wangu anaenda kukimbia Marekani: je, anaweza kubeti?

SWALI: Wakili, kijana wangu wa miaka 19 amepata ufadhili wa masomo kupitia mbio, na mwezi Agosti anaripoti chuo kikuu kimoja Marekani. Nauli tumeipata kwa harambee. Hapa Eldoret, wikendi ikifika, yeye na wenzake hubeti mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa simu, shilingi hamsini au mia. Ananiambia kule kubeti ni halali kwa hiyo hakuna shida. Ni kweli?
Mama wa mwanariadha, Eldoret

JIBU: Hongera, mama, wewe na majirani wote waliochanga. Shida ipo, na nakuomba umkalishe chini kabla hajapanda ndege.

Kweli, tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya 1992 iliyoyazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo. Tangu hapo kila jimbo linajiamulia, na zaidi ya majimbo 30 yameruhusu. Ila mengi kati ya hayo yanataka mtu awe ametimiza miaka 21, na kijana wako hajafika.

Hata angefika, angebanwa na kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Mwanariadha haruhusiwi kubeti mchezo wowote ambao NCAA inauandalia ubingwa, iwe ni mechi ya vyuo, ya kulipwa au ya ridhaa. Soka ni mojawapo. Kwa hiyo Arsenal na Chelsea hapana, Gor Mahia na AFC Leopards pia hapana, hata akiwa likizoni kwako sebuleni. Oktoba 2025 kamati za NCAA zilipitisha kwamba wanariadha waruhusiwe kubeti michezo ya kulipwa. Mwezi uliofuata vyuo vya daraja la kwanza vikaufuta uamuzi huo kabla haujaanza kutumika. Nalitaja hili kwa sababu kuna vijana waliosoma ile habari ya kwanza tu.

Adhabu hupimwa kwa kosa. Kwa mwongozo wa 2023, aliyebeti jumla ya dola 200 au chini kwa mechi zisizohusu chuo chake hupelekwa mafunzoni, na aliyevuka 800 anaweza kukosa asilimia 30 ya msimu. Aliyebeti mechi zake mwenyewe anaweza kufungiwa kabisa. Kwa mtoto wa Kimarekani hayo ni maumivu ya michezo. Kwa mtoto wako karo imebebwa na mbio, na viza imebebwa na masomo, hivyo ufadhili ukikatika vyote vinatikisika.

Asidhani kutumia akaunti ya mtu mwingine kutamficha. Mwaka 2023 wachezaji wa vyuo viwili vya jimbo la Iowa walishtakiwa, baadhi yao kwa kubeti kupitia akaunti zenye majina ya wengine. Wapelelezi waliona simu zikibeti kutoka ndani ya majengo ya michezo. Machi 2024 baadhi ya mashtaka yaliondolewa kwa sababu wapelelezi walifuatilia simu hizo bila kibali cha mahakama. Lakini kesi ilipofutwa, msimu ulikuwa umeshapita.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko hizo shilingi mia. Kijana wako atakula meza moja na wachezaji wa mpira wa kikapu. Atajua nani amevimba kifundo, nani hakufika mazoezini. Zamani hayo yalikuwa maongezi ya chakula cha jioni. Leo ni mali, kwa sababu anayejua mapema kwamba mchezaji tegemeo hatacheza anaweza kuweka dau kabla kampuni ya kubeti haijabadilisha odds, yaani viwango vya malipo. Aprili 2023 mtu mmoja alikwenda kubeti katika uwanja wa besiboli wa Cincinnati, akitaka kuweka dau kubwa dhidi ya timu ya besiboli ya chuo kikuu cha Alabama. Kocha wa Alabama mwenyewe alikuwa amempa habari kwamba mrushaji mpira aliyepangwa kuanza mechi hataanza. Kocha alifukuzwa kazi mwezi uliofuata, na Februari 2024 NCAA ikamwekea kizuizi cha miaka 15. Niseme pia kwa haki: alikamatika kwa sababu dau lile liliwekwa mahali penye leseni na watu wakalishtukia. Kwa mpokea dau wa kichochoroni, asiye na leseni, lingepita kimya.

Tena kuna vishawishi vya uwanjani. Katika kikapu watu hawabeti ushindi tu, hubeti na tofauti ya pointi. Timu inayotarajiwa kushinda kwa pointi 9 ikishinda kwa 5, aliyebeti dhidi yake anakula. Hivyo mchezaji anaweza kuambiwa, “Hatukuombi mfungwe, punguzeni tu.” Ujanja huu ni wa zamani: City College of New York iliumbuliwa nao mwaka 1951, na Boston College katika msimu wa 1978–79. Siku hizi hata takwimu za mchezaji mmoja zinabetiwa, na akikosa pointi mbili, waliopoteza pesa humtukana mtandaoni. Rais wa NCAA, Charlie Baker, aliyaomba majimbo mwaka 2024 yapige marufuku dau za namna hiyo kwa wanachuo. Ohio, Maryland, Vermont na Louisiana ni miongoni mwa yaliyofanya hivyo. Kwa maoni yangu yote yangepaswa kufuata.

Mbio hazibetiwi sana, kwa hiyo sitegemei mtu amwombe kijana wako apunguze kasi. Atakachoombwa ni habari, na mwombaji anaweza kuwa binamu yake hapo Eldoret. Kanuni inakataza kumpa habari mtu anayebeti, hata bila malipo.

Kabla ya Agosti afunge akaunti zote za kubeti na kufuta programu zake. Asiazimishe kitambulisho wala laini yake ya M-Pesa. Akifika, aulizie ofisi ya chuo inayoshughulikia kanuni za michezo, na lolote linalomtatiza awaandikie barua pepe ili abaki na jibu la maandishi. Na wewe, mama, waambie jamaa kwenye kundi la WhatsApp la familia wasimuulize nani ameumia na nani atacheza.