Jibu: Hasara ya upangishaji na kodi ya faida ya mauzo ya nyumba

Ndugu, umeuliza iwapo hasara uliyoipata kwa miaka kadhaa ya kupangisha nyumba inaweza kukatwa kwenye faida utakapoiuza. Jibu linategemea aina ya hasara yenyewe. Matumizi yanapozidi kodi ya pango, hiyo ni hasara ya mapato. Hasara ya mtaji hutokea pale mali inapouzwa chini ya gharama ya kuipata.

Uingereza hutenganisha hizi mbili kabisa: hasara ya upangishaji husogezwa mbele ili ifidie faida ya upangishaji ya miaka inayofuata, wala haigusi faida ya mauzo, ilhali hasara ya kuuza hisa au nyumba nyingine hukatwa, mradi uwe umeidai ndani ya miaka 4 tangu mwisho wa mwaka wa kodi ilipotokea. Marekani, hasara ya upangishaji iliyozuiwa miaka ya nyuma (yaani hukuruhusiwa kuikata wakati huo) kwa kawaida huachiliwa ikatwe unapoiuza nyumba yote kwa mtu asiye na uhusiano nawe.

Kwa maoni yangu, anza na gharama ambazo wauzaji wengi huzisahau, yaani ada za wakili na ujenzi ulioiboresha nyumba (kupaka rangi upya hakuhesabiwi), kwa kuwa hizo hupunguza faida yenyewe. Kama uliwahi kuishi humo, nchi zote mbili zina msamaha kwa makazi ya mwenye nyumba, ingawa zote hukataa hasara ya kuuza nyumba uliyoitumia kama makazi tu.