Wasomaji Wanauliza: Vepu ya Kimekanika, Nianze Lini?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: vepu (sigara za kielektroniki) za kimekanika, yale mabomba ya shaba au chuma yasiyo na skrini wala saketi ndani. Tumezijibu kwa pamoja. Majibu ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta. Kama huvuti sigara wala vepu, ukurasa huu usikushawishi.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Niliacha sigara nikahamia vepu ndogo ya podi. Rafiki yangu ana ile ya bomba na anasema mvuke wake hauna mfano. Nisubiri miezi mingapi ndipo ninunue yangu?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Jibu: Ndugu, miezi si kipimo. Mtu anaweza kuvuta podi miaka 5 asijue koili yake, ule waya unaopasha juisi, ina omu ngapi za ukinzani, kwa kuwa saketi iliyo ndani humfanyia hesabu zote. Hiyo saketi hupima ukinzani wa koili kabla ya kuachia umeme, hukata ikikuta shoti, hukata betri ikishuka sana, na hukata ukishikilia kitufe kwa sekunde 8 au 10. Bomba la kimekanika halina lolote kati ya hayo. Lina betri, swichi na atomaiza (kichwa kinachobeba koili na juisi) basi, na ukibonyeza, betri inatoa mkondo wote ambao koili itauruhusu kupita.

Hesabu ya mkondo huo ni fupi: volti gawanya kwa omu. Betri moja iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4, kiasi cha wati 35. Ya omu 0.2 itavuta ampea 21, wati 88. Ukishuka hadi 0.1 unadai ampea 42, na hakuna betri ya kawaida ya 18650 (yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65) inayostahimili hizo mfululizo. Tumia 4.2 kila mara unapopiga hesabu, hata kama betri imeshatumika nusu, maana kesho utaijaza tena na koili ni ileile. Yapo pia mabomba yanayopanga betri mbili, moja juu ya nyingine. Humo volti ni 8.4, na ile koili ya 0.2 iliyokuwa ikivuta ampea 21 sasa inavuta 42. Hayo yaache kabisa.

Njia tunayoipendekeza ni kununua kwanza kifaa chenye saketi kinachotumia betri ya kutoa, pamoja na atomaiza ya wazi, ile unayosuka koili mwenyewe na kudondoshea juisi. Jifunzie hapo. Chukua waya wa Kanthal (waya wa kupashia joto) wa geji 24, uzungushe mara 7 kwenye kijiti cha milimita 3, na utapata karibu omu 0.6. Ukifunga koili mbili za namna hiyo sambamba, ukinzani unagawanyika mara mbili na kuwa 0.3. Hapa ndipo wengi huteleza: wanakumbuka omu za koili moja, wanafunga mbili, wanapiga hesabu ya moja.

Ukisha kusuka, kaza skrubu, kata mikia ya waya isiguse kuta za atomaiza, kisha bonyeza kidogokidogo kwa wati chache. Koili inapaswa kuanza kuwaka kutoka katikati kwenda pembeni. Ikiwaka upande mmoja tu, au namba ya omu kwenye skrini ikirukaruka, kuna skrubu iliyolegea au mzunguko wa waya unaogusana vibaya. Kifaa chenye saketi kitakuambia hivyo na kukataa kuwaka. Cha kimekanika kitaendelea tu.

Kipimo chetu ni hiki: kisia omu za koili kabla ya kuipima. Ukifika mahali ambapo makisio yako hayapishani na kipimo kwa zaidi ya 0.05, tena kila mara, na ukaweza kueleza betri yako inaruhusu ampea ngapi bila kuchungulia popote, uko tayari kwa bomba la betri moja lenye koili ya omu 0.4 au 0.5. Kwa maoni yetu, wengi wakifika hapo huona hawalihitaji tena. Vifaa vya leo vyenye saketi vinatoa mvuke mzito uleule, na bomba linabaki na uzuri wa umbo lake na urahisi wa kulisafisha.

Swali: Fundi simu alinipimia koili kwa multimita ikasoma 0.5. Kipimo cha omu cha jamaa mwingine kikasoma 0.2. Yupi mkweli? Betri yangu imeandikwa 9900 mAh, kwa hiyo nadhani nguvu si tatizo.
*Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam*

Jibu: Mkweli ni huyo wa 0.2. Waya za multimita ya kawaida zina ukinzani wake wenyewe. Gusanisha ncha zake mbili bila koili yoyote uone: mara nyingi itasoma 0.2 hadi 0.4. Kwenye kazi za redio au taa, tofauti hiyo haina maana. Hapa inageuza ampea 21 kuwa 8.4 kwenye karatasi tu, huku betri ikiumia. Pima koili kwa kipimo cha omu kilichotengenezwa kwa kazi hii, au ifunge kwenye kifaa chenye skrini usome.

Multimita yenyewe usiitupe, kwa volti inasema kweli. Bomba halikuonyi betri ikiisha, kwa hiyo mvuke ukipungua nguvu itoe, iache itulie, ipime. Ikiwa karibu 3.4, ipeleke kwenye chaja ya nje. Kuibana hadi chini ya 2.5 ni kuiharibu ndani.

Kuhusu 9900 mAh, umeuziwa uongo. Betri nzuri za 18650 tulizozizoea madukani zina 2500 hadi 3600, na aliyeandika 9900 hakupima kitu. Tena hiyo namba hata ingekuwa ya kweli si unayoitafuta. mAh ni muda betri itakaodumu. Usalama wako unategemea ampea inazoweza kutoa mfululizo, na mara nyingi hizo mbili zinapingana. Samsung 25R ina 2500 mAh na ampea 20. Samsung 30Q ina 3000 mAh lakini ampea 15. Sony VTC5A ina 2600 mAh na ampea 25. Koili ya 0.2 kwenye 30Q tayari imepita mpaka. Namba ya «juu kabisa» au «ya sekunde chache» iliyochapwa kwenye ganda isikudanganye, hesabu kwa ile ya mfululizo na bakiza nafasi, kwa sababu betri ikizeeka uwezo wake unapungua.

Kagua pia ganda la plastiki. Mwili mzima wa betri ni hasi, hadi kwenye ukingo wa juu unaoizunguka chanya, na kinachozitenganisha pale ni kipete chembamba na hilo ganda. Likichanika hata kidogo upande wa juu, vua, weka kipete na ganda jipya, au achana na betri hiyo.

Swali: Binamu yangu wa Leicester ameniletea bomba lake la zamani. Halina pini juu, betri inagusa atomaiza moja kwa moja. Nimefunga tangi (atomaiza yenye chombo cha juisi) nililokuwa nalo. Nilipobonyeza, kitufe kikawa cha moto. Ni kawaida?
*Msomaji, Eldoret*

Jibu: Si kawaida. Toa betri kabla hujamaliza kusoma.

Katika bomba la aina hiyo, pini ya atomaiza ndiyo inayokutana na chanya ya betri, na meno ya skrubu yanayoizunguka pini ni hasi. Pini isipochomoza kupita meno hayo, meno ndiyo yanagusa chanya, na hapo hakuna koili katikati. Hiyo ni shoti kavu, na betri nzuri ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 100. Tangi nyingi za kawaida zina pini iliyo sawasawa na meno, au yenye springi inayorudi ndani ikisukumwa. Zote mbili hazifai humo. Atomaiza ya bomba hilo iwe na pini imara inayochomoza milimita moja hivi, na uikague kila unapobadilisha koili kwa sababu hulegea.

Moto kwenye kitufe una sababu nyingine pia: kutu au uchafu kwenye mguso, au springi iliyochoka. Springi ikipata moto hulala, kitufe kinabaki chini, na koili inawaka bila wewe kubonyeza. Safisha miguso kwa spiriti, badilisha springi, na hakikisha kufuli ya kitufe inashika kweli. Halafu tafuta matundu ya kutolea gesi. Bomba lisilo na matundu usilitumie hata siku moja: betri ikilipuka ndani yake, gesi itatafuta njia kwenye kifuniko, upande wa uso wako. Mei 2018 mtu mmoja alikufa kwa mlipuko wa vepu huko St. Petersburg, Florida, na Januari 2019 mwingine huko Fort Worth, Texas.

Swali: Naweza kutia juisi yangu ya podi, ya chumvi ya nikotini miligramu 50, kwenye bomba?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu: Hapana, dada. Podi inatoa mvuke kidogo. Bomba linatoa mara nyingi zaidi kwa pumzi moja. Utapata kizunguzungu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Wanaotumia vifaa vya nguvu hukaa kwenye miligramu 3, wachache 6.

Swali: Salaam aleikum. Nasafiri Nairobi kwenda Muscat kupitia Dubai. Bomba niliweke wapi?
*Msomaji, Malindi*

Jibu: Aleikum salaam. Liache nyumbani. Falme za Kiarabu zimeruhusu vepu tangu 2019, lakini Oman zimepigwa marufuku, kama Uganda chini ya sheria yake ya tumbaku ya 2015. Kwa safari za nchi zinazoruhusu, vepu na betri huingia kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Toa betri ndani ya bomba na uitie kwenye kisanduku chake cha plastiki. Mfukoni pamoja na funguo na sarafu inaweza kupigwa shoti hata ikiwa nje ya bomba.