Injini haihami peke yake: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukinukia, simu yangu hujaa maswali ya injini kuliko ya breki, ingawa mimi ningependa iwe kinyume. Safari hii wengi wanauliza jambo moja: kutoa injini iliyochoka kwenye gari la zamani na kuweka kubwa zaidi ya ukoo uleule. Nimechagua sita, nikayafupisha.

Shikamoo fundi. Nipo Mikindani, nina Corolla 110 yenye injini ya 5A. Imeanza kula oili, na fundi wangu anasema badala ya kununua 5A nyingine niweke 7A. Itaingia bila kukatakata gari?

Marahaba mwanangu. Itaingia. 5A, 4A na 7A ni watoto wa tumbo moja: giaboksi uliyo nayo itafunga na mauntini, vile vishikizi vya injini, zitakaa palepale. Tofauti iko kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Pistoni ya 5A husafiri milimita 77, ya 7A husafiri 85.5, na tundu la silinda yake ni pana kidogo. Ndiyo maana moja ina cc 1,498 na nyingine 1,762. Ili pistoni ipate njia hiyo, bloku ya 7A imeinuka zaidi. Kwa hiyo mkanda wa taimingi wa 5A usiupeleke huko, na bomba la mbele la ekzosi huenda likahitaji kukatwa na kuchomelewa upya. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Kinachokula siku ni waya. Zamani niliwahi kununua 7A safi kwa macho, waya zake zimekatwa kwa kisu karibu na soketi. Muuzaji akaniambia waya za 5A zinaingia, na kweli ziliingia. Gari likawaka, halafu likawa linatembea kama lina kwikwi. Siku nne nikabadilisha plagi, pampu ya petroli, waya za plagi, mwenye gari amekaa kwenye tairi ananitazama. Kumbe Toyota walitoa 7A za namna mbili: ya kawaida, na nyingine iliyotengenezwa kuchoma hewa nyingi kwa petroli kidogo, yenye sensa zake ambazo kontroli boksi ya 5A, yaani kompyuta ya injini, haizijui kabisa. Mimi nilikuwa nimenunua hiyo ya pili. Tangu siku hiyo, injini isiyokuja na waya, sensa na kontroli boksi yake siinunui hata kwa nusu bei.

Kabla hujatoa hela, zungusha krenki kwa spana uhakikishe haijakwama. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona povu la rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia, ondoka. Pima kompresheni silinda zote nne. Silinda moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya kilo 1 hivi, achana nayo. Na kwa kuwa upo Mikindani, upepo wa bahari unaujua: fungua kila soketi, na ukikuta ule unga wa kijani kwenye pini, usafishe kabla ya kufunga, sio baada ya gari kukuzimikia Mnazi Mmoja usiku.

Fundi, mimi na mume wangu tuna Hilux ya 2L. Tunapakia Masasi, na ikishiba mzigo mlima wa Newala tunaupanda kwa gia ya kwanza. Tuweke 3L au 5L?

Dada, kwanza niambie hizo noze za kupulizia dizeli zilipimwa lini. 2L yenye noze zinazokojoa badala ya kupuliza, chujio la hewa limejaa vumbi la barabarani, na pampu ambayo haijaguswa tangu gari lishuke melini, haiwezi kupanda hata tuta. Peleka noze na pampu zikapimwe, ni sehemu ndogo sana ya bei ya injini. Nimewarudisha watu nyumbani na injini zao walizotaka kuzitupa.

Ikiwa umeshafanya hivyo na bado inalemewa, basi kwako kazi ni nyepesi kuliko ya kijana wa Mikindani. 2L ina cc 2,446, 3L ina 2,779, na 5L ina 2,986. Ni familia moja, dizeli za kizamani zenye pampu ya kimekanika, hazina kontroli boksi ya kukusumbua. Waya ni chache: ya kuzima, za plagi za moto, ya joto, ya oili. Injini ije na pampu yake, usimfungie 5L pampu ya 2L, itakuwa na njaa na mtasema injini mbovu. Angalieni tu msiuziwe 5L-E, hiyo pampu yake ni ya umeme na ni habari nyingine kabisa. Mimi ningechukua 3L. Ni ya kutosha, na mafundi wa huku wanaijua hata wakiwa wamefumba macho.

Msikubali 2L yenye tabo (turbo) eti kwa sababu ina nguvu na ni rahisi. Silinda hedi zake zina sifa mbaya ya kupasuka gari likichemsha, na mlima wenye mzigo ndio mahali pa kuchemsha. Rejeta nayo muibadilishe au iende ikazibuliwe siku hiyohiyo. Halafu, dada, injini kubwa haiongezi uwezo wa springi wala breki. Magunia yabaki idadi ileile. Kupanda mtapanda vizuri, kuna kushuka.

7A inakunywa mafuta zaidi ya 5A?

Kidogo, na zaidi inategemea mguu wako. 7A huvuta vizuri ikiwa bado chini, karibu mizunguko 2,800 kwa dakika, kwa hiyo huna haja ya kuikamua.

Bro, nipo Lindi mjini. Mark II GX100, nataka nitoe 1G niweke 1JZ. Mafundi wa huku wanasema ni kufunga na kuwasha.

Hao waulize wamefunga ngapi. Bodi haina ubishi, kwa sababu Toyota wenyewe waliuza gari hilohilo likiwa na 1JZ ya cc 2,491. Lakini tafuta iliyotoka kwenye Mark II, Chaser au Cresta, ije na mikono ya mauntini, giaboksi, waya na kontroli boksi. Ya gari jingine inaweza kuja na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ya umbo tofauti ikakataa kukaa. Giaboksi ya 1G usiihesabu. Na breki za mbele chukua za gari lililokuwa na 1JZ, kabla hujachukua rimu za kung'aa.

Nikibadilisha injini, kadi nayo?

Ndiyo. Kadi ina namba ya chesi, namba ya injini na ukubwa wake, kwa hiyo nenda TRA taarifa zibadilishwe, kisha ijulishe kampuni yako ya bima. Kuogopa kuwa cc zikipanda ada ya kila mwaka itapanda ni mambo ya zamani. Ile leseni ya gari ilifutwa 2017, siku hizi tunalipia kwenye mafuta. Siku ya kununua, weka karatasi nyembamba juu ya namba ya injini usugue kwa penseli hadi itokeze, ifanane na ya kwenye risiti. Namba ikiwa imechongwachongwa, usiulize bei.

Mimi ni mzee wa Nachingwea, Land Rover yangu ya Series III ya petroli cc 2,286 bado naipenda. Naweza kuitia dizeli?

Shikamoo mzee. Tafuta 200Tdi ya cc 2,495, inafunga kwenye giaboksi yako. 300Tdi ni nzuri pia, ila mauntini zake hazikai pale. Tatizo ni kwamba nguvu ya kuvuta inapanda karibu mara moja na nusu, wakati hafshafti za nyuma, zile shafti zinazozungusha magurudumu, ni zilezile za zamani, na huwa zinakatika. Ukiondoka kwenye tope achia klachi polepole, na weka hafshafti moja ya akiba chini ya kiti.