Binti kaota meno yamedondoka

Pole dada. Unasema binti yako wa miaka 7 kaota ndoto kwamba meno yanamdondoka, bibi yake huko Kibosho akasema ni dalili ya msiba, na sasa hataki kulala. Mwambie usingizini ubongo hauzimi. Unachambua mambo ya mchana na kuyachanganya kama makande. Mwaka 1953 watafiti wa Chicago walieleza jinsi macho yanavyochezacheza chini ya kope wakati wa kuota. Hata mbwa wenu akilala, mwonyeshe anavyorusharusha miguu! Halafu mchungulie kinywani. Umri huo meno ya utoto yanalegea, na jino lililolegea analigusagusa kwa ulimi kutwa nzima. Huenda ndilo aliloota. Bibi usibishane naye, muombe tu amsimulie mjukuu hadithi za sungura.