Bimu nyembamba: uliza imeshikwa wapi pembeni

Ukianza kazi ya usanifu utatumia saa nyingi kwenye nondo za chini za bimu (boriti ya zege). Ni sawa, upande huo ndio unaovutwa. Ila bimu ndefu na nyembamba huponzwa na upande wa juu. Juu zege linabanwa, na kitu chembamba kikibanwa hutafuta pa kukwepea. Upande wa juu ukikwepa kando huku wa chini ukibaki, bimu nzima inajisokota. Slabu, yaani bamba la zege la sakafu au paa, iliyomwagwa pamoja nayo huzuia hayo yote, na kwa kuwa bimu nyingi zina slabu, tunasahau kuuliza.

Mimi nilisahau kwenye bimu ya paa lisilo na slabu, yenye urefu wa mita 10. Nafasi ilikuwa finyu, nikapunguza upana kutoka milimita 200 hadi 150, kina hadi kwenye nondo kikabaki 900. Nondo zilitosha, nikaona nimemaliza. Mhandisi aliyenisimamia akauliza, "Imeshikwa wapi pembeni?" Akanifungulia BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza ya ujenzi wa zege: kwa bimu iliyolala juu ya egemeo mbili, umbali kati ya vishikizo usizidi upana mara 60, wala mara 250 ya upana wa kipeo cha pili ukigawa kwa kina. Jibu dogo ndilo linaloshika. Kwa 200 ningeruhusiwa mita 11.1. Kwa 150, mita 6.25! Nilikata robo ya upana, nikapoteza karibu nusu ya umbali. Kanuni ya Marekani, ACI 318, inasema upana mara 50 tu, bila kutazama kina. Kwa bimu yenye kina kirefu napenda kupima kwa zote mbili.

Nikataka kuziunga bimu jirani kwa vyuma vya paa, basi. Akakataa, na hapo ndipo nakuomba utulie: bimu kumi zilizofungwa pamoja zinaweza kulala zote upande mmoja. Kishikizo lazima kiishie kwenye kitu kisichosogea, kama ukuta imara au fremu yenye mikingamo ya mshazari. Tena kikae upande unaobanwa. Kwa bimu iliyoshikwa ncha moja tu huku nyingine ikiwa hewani, upande unaobanwa ni wa chini.

Bimu zinazotengenezwa kiwandani zina hatari yake siku ya kuinuliwa. Ikining'inia kwenye vitanzi vya kuinulia, hakuna kinachoizuia kuzunguka. Ikiwa imejikunja kando hata kidogo, uzito wake unaiinamisha, na ikiinama, sehemu ya uzito huo huanza kuipinda upande wake dhaifu. Kusogeza vitanzi ndani kutoka ncha husaidia sana, ila hakiki upya mvuto wa juu ya bimu, hasa yenye nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege. Kabla ya kreni kufika, vuta uzi toka ncha hadi ncha upime mkunjo wa kando. Pima asubuhi, kisha rudia jua likiwa limepiga ubavu mmoja. Utaona namba imebadilika. Ikishatua kwenye egemeo, usiruhusu ndoano ifunguliwe mpaka ncha zote mbili zimefungwa zisipinduke.