Mkitaka kubebana kwenda kazini, anzeni na hesabu ya Expressway

Mvua ikinyesha na Mombasa Road ikafunga kuanzia Cabanas hadi Bellevue, hukosi mtu wa kuuliza mbona serikali isitutengee leni ya magari yaliyobeba zaidi ya mtu mmoja, kama wafanyavyo Marekani. Swali halina ubaya. Ila mimi ninayeishi Mlolongo na kufanya kazi Westlands niliacha kuisubiri leni hiyo, kwa sababu kwa safari yangu ipo tayari: ni Expressway, ile barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kwa sehemu imepita juu ya nguzo, ina urefu wa kilomita 27, na langoni inatoza gari bila kuuliza mko wangapi ndani. Tunabebana na majirani, na kama unafikiria kufanya vivyo hivyo, haya ndiyo ningependa uyajue.

Kwanza hizo leni zenyewe, maana wengi huzisifu bila kujua zinavyofanya kazi. Mfano unaotajwa sana ni Shirley Highway, barabara inayoingia Washington kutoka Virginia. Mwaka 1969 walitenga leni za mabasi pekee, na 1973 wakaruhusu pia magari madogo yaliyobeba watu wanne au zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Leni moja ya barabara kuu hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa mambo yakienda vizuri. Kila dereva akiwa peke yake, hao ni watu 2,000. Wakiwa wanne wanne ni 8,000, na lami ni ile ile. Lakini kinachomfanya Mmarekani avumilie kukaa na mwenzake asubuhi yote si upendo wa jirani, wala sidhani ni petroli. Ni raha ya kuwapita walio peke yao. Viungani mwa Washington watu hupanga foleni wakangoja gari la mtu wasiyemjua, naye anawachukua bure, kwa kuwa bila wao yeye mwenyewe ingembidi alipie leni ya haraka.

Sasa leta leni hiyo Nairobi. Mwanzoni mwa 2019 Thika Road ilipakwa mstari mwekundu wa kutenga njia ya mabasi ya mwendo kasi. Mabasi yenyewe hayakuwepo, na kila mwenye gari akaupita ule mstari kama kawaida yake. Na huo ulikuwa wa mabasi, kitu ambacho hata askari aliye mbali angekitambua. Leni ya magari yenye watu wengi inamtaka afande ahesabu vichwa nyuma ya vioo vyeusi, saa kumi na mbili asubuhi, huku matatu tatu zikipanda ukingo wa barabara pembeni yake. Huko California kwenyewe madereva wameshakamatwa na sanamu za dukani, zimevalishwa kofia na kufungwa mkanda wa kiti cha abiria.

Jakarta ndiko kunakonichekesha na kunifunza kwa pamoja. Kuanzia 1992, kupita barabara fulani kuu saa za msongamano kulihitaji watu watatu ndani ya gari. Kazi mpya ikazuka mjini. Watu walisimama kando ya barabara, kina mama wengine na watoto mikononi, wakingoja dereva awakodi wajaze idadi. Waliitwa joki. Nairobi ninavyoijua, kufikia Jumatano ya wiki ya kwanza tungekuwa na sacco ya joki, yenye mwenyekiti na ada ya kujiunga, na mwenye mapacha angetoza zaidi. Mwaka 2016 serikali ya Jakarta ikaifuta sheria hiyo. Watafiti walipopima, ucheleweshaji wa asubuhi ulikuwa umepanda kwa asilimia 46 na wa jioni kwa asilimia 87. Kumbe pamoja na joki wake wote, sheria ile ilikuwa ikifanya kazi! Kwa hiyo siwacheki wanaoitaka hapa. Nasema tu kwamba wakati mkiidai, viti vitatu vitupu ndani ya gari lako havihitaji kibali cha waziri.

Turudi Mlolongo. Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa shilingi 500 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambako awali lilikuwa likilipa 360. Ukiwa peke yako, kwenda na kurudi ni 1,000, wiki ya kazi ni 5,000, na hapo hujagusa petroli wala maegesho. Mkiwa wanne ni 1,250 kila mmoja kwa wiki. Mkipita juu asubuhi tu, jioni mkateremkia barabara ya chini, ni 625. Ukiweka hesabu hiyo mbele ya mtu anayelipa nauli ya matatu siku ya mvua, hutahitaji kumshawishi sana. Kasi inayoruhusiwa juu ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo safari yote ni kama dakika 20. Ugumu uko kwenye kushuka. Ukichelewa, mteremko wa Westlands unakurudishia foleni uliyolipa kuikwepa, ndiyo maana nitasisitiza saa ya kuondoka kuliko jambo jingine lolote.

Lakini watu kwanza. Usianze kwa kutangaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mzima. Utapata watu ishirini wenye hamu, kila mmoja na saa yake na kituo chake, na mjadala utaishia kwenye mambo ya takataka na maji. Tafuta watatu unaokutana nao getini, wanaofanya kazi mahali mnakoweza kufika bila gari kuzungukazunguka. Sisi tuna mama mmoja wa benki, kijana wa kompyuta na mwalimu. Mwalimu hushuka Museum Hill, sisi wengine tunaendelea. Kama ofisi yako iko Upper Hill, tafuta wenzako wa kushuka Haile Selassie, usijipachike kwenye gari la Westlands eti kwa sababu mnapatana kanisani. Kukengeuka kidogo kwa ajili ya mtu mmoja hugeuka manung'uniko kabla mwezi haujaisha.

Wala usijaze kiti kwa mtu usiyemjua uliyemkuta steji. Najua wale wa Washington wanafanya hivyo, ila wao hawana historia yetu ya kunyang'anywa magari. Tena makanga wakikuona unapakia watu kwenye steji yao, watakuhesabu mwizi wa abiria, na askari naye atataka kuona leseni ya uchukuzi ambayo huna.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hulipuuza: bima. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haigharamii safari ya kubeba abiria kwa malipo. Mkipata ajali, na mmoja wa mliombeba akasema alikuwa akilipa nauli, kampuni ya bima ina mlango wa kutokea. Kubeba abiria kwa biashara kunahitaji leseni ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima ya aina yake. Njia safi kuliko zote ni kupokezana magari: wiki hii langu, wiki ijayo lako, na hakuna pesa inayobadilisha mikono. Kama kuna asiye na gari, gawaneni gharama halisi ya ushuru na petroli, asipatikane mtu wa kutia faida mfukoni. Kisha mwandikie wakala wako wa bima, umweleze mnavyofanya, umwombe akujibu kwa maandishi. Akikujibu kwa simu tu, mwandikie tena. Barua pepe moja inatosha, lakini iwepo.

Kwenye pesa, mkiwa mnagawana, kadirieni gharama ya mwezi kila EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza bei ya mafuta tarehe 14, na kila mtu atume mgao wake kwa M-Pesa Ijumaa, kabla wikendi haijaumeza. Mtu asidaiwe ndani ya gari. Kumdai jirani shilingi mia tatu akiwa ameketi nyuma yako hadi Westlands ni adhabu kwa wote wanne. Na mwenye gari la wiki hiyo awe na kile kifaa cha malipo kinachobandikwa kwenye kioo, chenye salio. Hakuna kinachoudhi kama kulipia barabara ya haraka halafu ukapanga foleni langoni ukitafuta chenji.

Saa sasa. Sisi gari linaondoka saa kumi na mbili na dakika kumi, na mpango ni kwamba mwenye gari hapigi simu wala hapigi honi. Dakika tatu zikipita, anaondoka. Watu wataona huo ni ukatili. Mara ya kwanza aliyeachwa alikuwa kijana wa kompyuta. Tulimwona kwenye kioo cha nyuma akitokeza getini, mswaki bado mdomoni, na dereva wa siku hiyo akaendelea. Mchana akatuandikia kwenye kundi ujumbe mrefu kidogo. Tangu hapo yeye ndiye anayetangulia kufika. Mama wa benki ndiye aliyependekeza sharti hilo, na yeye ana watoto wa kuvalisha asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuleta kisingizio. Huja na viatu vya kazini kwenye mfuko wa karatasi, miguuni malapa, kope anazitengeneza tukishapita JKIA mahali ambapo barabara imenyooka.

Jioni msifungane. Kubebana kwingi hufa kwa sababu ya jioni, si asubuhi. Bosi anaitisha mkutano saa kumi na nusu, mwingine ana chama, mwingine anataka kupitia sokoni, na watatu wanakaa kwenye gari wakitazama saa. Tuliafikiana kwamba asubuhi ni ahadi na jioni ni hiari. Anayekuwa tayari saa kumi na moja na nusu anaandika, aliye karibu anapanda, mwingine ana matatu, au anashuka mjini akadandie treni ya Syokimau. Mtu akijua kwamba hatateseka jioni, asubuhi atakuja bila wasiwasi. Kwa wenye watoto wadogo hili ni zito zaidi: kila mmoja awe na njia yake ya kurudi siku ambayo shule imepiga simu.

Mengine ni adabu za kawaida. Redio ni ya dereva, lakini sauti ni ya wote. Simu ndefu za familia zisubiri. Siasa tumeiruhusu hadi Southern Bypass, baada ya hapo ni marufuku, na kwa kasi ile Southern Bypass inafika upesi. Mkebe wa githeri ya mchana ufungwe vizuri, na mwenye gari asiutumie wema wake kuwatuma wenzake.

Na shule zikifungwa, fanyeni hesabu upya. Aprili, Agosti na Desemba magari hupungua barabarani kwa namna ambayo mtu wa Mombasa Road huiona siku ya kwanza tu, na barabara ya chini hupitika asubuhi bila kulipa chochote. Wiki hizo sisi hupita chini, tukaweka ile mia tano ya kila asubuhi kwa ajili ya kusawazisha magurudumu ya magari yote matatu kabla ya Januari.